Mtaro Ukizibuliwa, Uchafu Huenda Wapi?

Mwezi wa Machi ukielekea ukingoni, mtaa wetu hapa Tudor, Mombasa, huanza kusikia sauti ya sepetu. Vijana hushuka mitaroni na viatu vya mpira, wakachota tope jeusi lililochanganyika na chupa za soda, nywele bandia, mifuko ya muguka na madafu yaliyokwisha kunywewa, wakalirundika kando ya njia. Wapita njia huziba pua lakini hushukuru: mwaka huu huenda maji yasiingie ndani. Rundo nalo hukaa pale pale. Siku tatu, wiki, wiki mbili, lori la kulizoa halijaja. Mvua ya kwanza ya masika ikipiga, sehemu kubwa yake hurudi mtaroni lilikotoka, na safari hii halikwami popote, maana njia imeshafunguliwa. Linateremka hadi kwenye hori, ule mkono wa bahari ulioko nyuma ya nyumba zetu.

Nimelitazama jambo hilo miaka mingi, na naona ndilo fundo ambalo wengi wetu hatujalifungua. Mafuriko ni tatizo moja, uchafuzi wa maji ni tatizo jingine. Tumezoea kuyataja pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe dawa ya la kwanza si dawa ya la pili, na mara nyingine dawa ya la kwanza hulizidisha la pili. Mtaro unaopitisha maji kwa kasi hupitisha na uchafu kwa kasi. Tunadai mitaro izibuliwe, na ni haki yetu kudai. Ila sijasikia barazani mtu akiuliza: ukizibuliwa, yaliyomo yanakwenda wapi?

Kisiwani Mombasa hatuna hata mto mmoja. Maji ya kunywa hutujia kutoka mbali, ya chemchemi za Mzima kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, mengine kutoka Baricho, Marere na Tiwi. Kwa hiyo ukisema "tuilinde mito", mtu wa Majengo au Bondeni hudhani unazungumza habari za watu wa bara. Lakini mito tunayo, tena mingi, ila huishi saa chache tu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo si kitu kigeni mwezi wa Mei, ikianguka juu ya paa la mita 100 za mraba, hiyo ni lita 5,000. Ikianguka juu ya eneo la mita 100 kwa 100 lililofunikwa kwa lami, saruji na kabro, yaani matofali ya kutandika chini, ni lita 500,000: sawa na malori 50 ya maji, kila moja la lita 10,000, yakifunguliwa koki kwa pamoja. Kiwanja cha mchanga chenye minazi kingelinywa sehemu kubwa ya maji hayo. Kabro iliyobanwa kwa saruji hainywi kitu. Maji yatatafuta mteremko, na kisiwa hiki kimeinuka katikati, kwa hiyo kila mteremko mwisho wake ni bahari, ama upande wa Tudor na Bandari ya Kale, ama upande wa Kilindini.

Huko bara ya kisiwa ipo mito ya kweli ya msimu. Kombeni na Tsalu huteremka kutoka vilima vya Rabai na kumwaga katika hori ya Tudor. Mwache hutoka upande wa Kwale na kumwaga katika hori ya Port Reitz. Mito hiyo huleta udongo wa mashamba na machimbo. Ya mjini, yaani mitaro yetu, huleta yale tuliyoyaacha barabarani.

Hapa lugha yenyewe inatuchanganya kidogo. Kwa sisi watu wa Mombasa mfereji ni bomba la maji safi, lile la kukingia ndoo, wakati kwingine mfereji ni njia ya maji ardhini. Mtaro nao tunauita mtaro, uwe wa maji ya mvua au wa maji ya choo. Tofauti yake ni kubwa. Bomba la sewa hupeleka maji taka kwenye mtambo wa kuyasafisha, kama ule wa Kipevu. Mtaro wa mvua haupiti kwenye mtambo wowote. Haukujengwa kusafisha kitu. Umejengwa kuyaondoa maji barabarani upesi iwezekanavyo. Kinachotiwa mtaroni hapa Tudor, iwe povu la sabuni au dumu la oili chafu, hufika baharini vile vile kilivyo.

Sehemu kubwa ya mji huu haina sewa kabisa. Watu hutegemea karo, yaani matangi ya maji ya choo yaliyochimbiwa ardhini, na vyoo vya shimo, na karo ikijaa huitwa lori la kunyonya. Lori linataka pesa, na vichochoro vingine halipiti. Basi wako wanaosubiri mvua kubwa ya usiku ili wafungulie karo iende na maji, na wako waliochimbua bomba kutoka chooni hadi mtaroni wakalifukia, jambo likaisha. Simlaumu kwa urahisi mpangaji wa Muoroto asiye na njia nyingine. Mwenye jumba la ghorofa sita aliyekusanya kodi za kila mlango ana hesabu ya kutoa. Kulitambua bomba kama hilo hakuhitaji maabara. Mtaro wa mvua ukiuona unatiririka saa sita ya mchana, mwezi wa Februari, jua linawaka na tone halijaanguka wiki tatu, hayo maji si ya mvua. Ufuate mtaro huo kwa mguu, kinyume cha maji. Utafika kwenye bomba.

Mwaka jana masika yalipoanza nilisimama na mwavuli pale mtaro wetu unapokatiza barabara, nikayatazama maji tangu tone la kwanza. Dakika tano za mwanzo hayakutiririka. Barabara ilikuwa ikilowa tu, na harufu ya vumbi na mafuta ikapanda. Kisha ukaja uzi mwembamba mweusi, mweusi kama wino, wenye rangi za upinde wa mvua juu yake. Hiyo ni oili iliyodondoka kutoka kwa tuktuk na matatu siku zote za kiangazi, pamoja na unga wa matairi na wa breki. Nyuma yake yakaja maji ya kijivu yenye povu, kutoka wanakooshea magari. Kisha manyoya ya kuku. Kisha utando mweupe ulioganda vipande vipande. Nilikaa nao kidogo kabla ya kuutambua: mafuta ya kukaangia, ya viazi karai na bhajia, yaliyomwagwa mtaroni jioni baada ya jioni yakaganda ukutani mwa mtaro. Baada ya nusu saa hivi maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa, na baada ya saa nzima yalikuwa karibu kuwa safi, japokuwa mvua ilikuwa imezidi.

Wataalamu wa maji ya mvua wanalijua jambo hili vizuri: maji ya mwanzo ndiyo yenye sumu. Mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu huosha mji mzima, na sehemu kubwa ya uchafu huondoka na sehemu ndogo ya maji. Kwa anayetaka kulinda bahari hiyo ni habari njema, kwa sababu hana haja ya kuyakamata maji yote ya masika, kazi isiyowezekana. Akiyakamata yale ya nusu saa ya kwanza, akayapumzisha mahali yakatua, ameshafanya kazi kubwa. Na barabara ikifagiliwa vizuri na taka zikazolewa mwezi wa Machi na tena Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli, mvua ya kwanza inakuta kidogo cha kuosha. Ufagio wa Machi una thamani kuliko sepetu ya Mei.

Maji hayo yakifika kwenye hori yanafanya nini? Watu hudhani bahari ni kubwa, itameza. Bahari ni kubwa kweli, lakini hori ya Tudor si bahari kuu. Mlango wake ni mwembamba, unapita kati ya Mji wa Kale na Nyali, na ndani maji hutanda katika eneo pana lenye kina kifupi na mikoko pembeni. Maji yakipwa hutoka na uchafu, yakijaa hurudi na sehemu ya uchafu ule ule.

Udongo ndio unaoua kimya kimya. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, hupumua kwa mizizi iliyochomoza juu ya tope kama vidole. Tope jipya likiifunika, mti unakosa hewa. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kupitia mto Mwache, na mikoko ya hori unakomwaga mto huo ikakauka kwa wingi. Mkoko uliokufa hauzuii tena tope, kwa hiyo mvua inayofuata hulipeleka tope mbali zaidi, kuelekea kwenye matumbawe. Matumbawe nayo huhitaji mwanga na maji maangavu.

Maji ya vyoo na sabuni huleta mbolea, yaani nitrojeni na fosforasi. Mwani hustawi kwa mbolea hiyo, kisha hufa, na unapooza hula hewa iliyomo majini. Chaa na mkizi wachanga, wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko kabla ya kutoka nje, hukosa pumzi. Vijidudu vya kipindupindu vinaweza kuishi katika maji yaliyochanganyika ya chumvi na ya mvua, na watoto wetu huogelea papo hapo mdomoni mwa mtaro kwa kuwa ndipo penye kina. Plastiki sihitaji kuieleza. Mifuko imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na tofauti ilionekana mikokoni. Chupa ndizo zilizobaki, na vifuniko vyake.

Kuna jambo ambalo mipango mingi ya mitaro huandikwa kana kwamba halipo, nalo ni kujaa na kupwa. Mvuvi yeyote wa hapa atakwambia kwamba bamvua, yaani siku bahari inapojaa sana na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba maji ya bamvua Mombasa hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne na nusu. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Midomo mingi ya mitaro yetu iko chini ya kiwango hicho. Ikinyesha saa kumi ya jioni siku ya bamvua, mlango umefungwa: bahari imesimama mdomoni mwa mtaro na maji ya mvua hayana pa kutokea. Yatarudi nyuma yapande barabarani, hata kama mtaro ulizibuliwa jana. Mvua hiyo hiyo ikinyesha siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana, au bahari ikiwa imepwa, yatapita bila mtu kujua. Ndiyo maana mtu husema "mwaka huu mitaro imezibwa" na mwingine wa mtaa huo huo akasema "mbona juzi yalipita", na wote wawili wamesema kweli.

Maji yakipanda barabarani kwa namna hiyo huingia kwenye karo, karo hufurika, na bahari ikipwa usiku vyote hushuka pamoja. Ukitaka kuelewa kwa nini kipindupindu na mafuriko huongozana hapa mjini, anzia hapo.

Wengi wakisikia haya husema: basi tuyarudishe maji ardhini, tuchimbe mashimo yanywe. Kwa Mombasa jibu hilo lina nusu ya ukweli. Kisiwa na ukanda wa pwani umekaa juu ya mwamba wa tumbawe, na tumbawe lina matundu kama sifongo. Maji hupita upesi mno, bila kuchujwa. Visima vya Mji wa Kale na vya Majengo hupata maji kutoka mwamba huo huo uliochimbwa karo na vyoo vya shimo. Ukiyaingiza maji ya gereji kwenye shimo la tumbawe, umeyaondoa barabarani ukayapeleka kisimani kwa jirani. Ukiingia ndani kuelekea Changamwe na Miritini, chini ni udongo mfinyanzi wa mwamba laini wa kale, na huo haunywi upesi hata ukiubembeleza.

Kwa hiyo maji hayafai kutendewa namna moja. Ya paani, baada ya kuyaacha ya mwanzo yapite, ni ya kuvuna. Wazee wa mji huu walikuwa na majabia, matangi ya mawe na chokaa yaliyokinga maji kutoka kwenye mlizamu wa paa, na walijua kufagia paa kabla ya mvua. Leo tangi la plastiki la lita 5,000 hufanya kazi ile ile: maji yale hayaingii mtaroni kabisa, na mwenye nyumba hanunui mitungi ya mkokoteni mwezi mzima. Maji ya uwanja na ya barabara ya mtaa yapitishwe kwanza juu ya udongo na nyasi, hata ukanda wa mita mbili, yatue mchanga na mafuta kabla ya kuingia mtaroni. Ya gereji na ya kuosha magari yanahitaji kisanduku cha saruji chenye vyumba viwili au vitatu: mafuta huelea, mchanga huzama, maji ya katikati ndiyo hutoka. Ni ufundi ambao mwashi yeyote anauweza. Kazi ngumu ni kukisafisha kila mwezi, na vingi hufa kwa kukosa mtu wa kuvisafisha.

Kwenye mdomo wa mtaro wavu wa chuma husaidia, alimradi usafishwe kila baada ya mvua. Ukiachwa unakuwa ukuta, na mafuriko yanarudi nyumbani. Mikoko iliyobaki Mikindani, Tudor na Jomvu ndiyo chujio la mwisho, na haitudai mshahara. Inataka tu isikatwe wala isifukiwe na vifusi.

Sasa nani afanye? Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, pamoja na huduma za maji na usafi na uzoaji wa taka. Lakini barabara kuu zina mamlaka yake ya kitaifa, na mtaro wa barabara hiyo hujengwa na mamlaka hiyo, kisha humwaga kwenye mtaro wa kaunti ambao haukupimwa kuupokea. Bandari ina ardhi yake. Mikoko iko chini ya huduma ya misitu. Vibali vya kumwaga maji machafu viko kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa mujibu wa kanuni za ubora wa maji. Maji yenyewe hayajui mipaka hiyo; hushuka barabara kuu, yakapita kaunti, yakaingia mikokoni, kwa dakika ishirini. Siku niliyopeleka malalamiko juu ya bomba la choo lililofukiwa mtaroni karibu nasi, ofisi ya kwanza ilinielekeza ya pili, ya pili ikanielekeza ya tatu, na ya tatu ikanirudisha ya kwanza. Niliumia, si kwa kuzungushwa, bali kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa akisoma sheria sawasawa.

Ndiyo maana namshauri anayelalamika aandike, tena apeleke barua moja kwa ofisi zote kwa pamoja, yenye picha, tarehe, na saa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba mtu yeyote amepata hasara au kuumia. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Huna haja ya kungoja mtoto augue.

Na mabadiliko huwezekana hapa hapa, tumeyaona kwa macho. Jaa la Kibarani, lililokuwa likimwagikia majini mbele ya kila aliyeingia kisiwani, lilifungwa likapandwa miti na nyasi. Njia ya Makupa, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa tuta lililoyatenga maji ya Tudor na ya Port Reitz, sasa ina daraja lililofunguliwa 2022, na maji hupita chini yake.

Kwenye kikao cha bajeti cha wadi yako, wakitaja fedha za kuzibua mitaro, uliza mambo mawili: tope litazolewa siku hiyo hiyo na kupelekwa wapi, na mdomo wa mtaro huo uko wapi. La pili hili usishangae likikosa wa kulijibu. Basi nenda ukautafute mwenyewe. Chagua siku ya bamvua, saa nne na nusu ya asubuhi, bahari ikiwa imepwa kabisa na midomo yote iko wazi. Vaa viatu vya mpira, shuka na mtaro wa mtaa wako hadi unapoishia. Tazama rangi ya tope pale mdomoni na ulinganishe na tope la hatua hamsini pembeni. Tazama kama vishimo vya kaa viko pande zote mbili au upande mmoja tu. Piga picha, na uandike saa.